Badia Masabni: Mwanamke Aliyeipandisha Densi Jukwaani



Muhula uliopita kulizuka ubishi mkubwa kwenye mkutano wa chama chetu. Dada mmoja, mwenzetu kutoka Mombasa, alikuwa amealikwa kufundisha chakacha kwenye tamasha la densi ya tumbo, lile la wikiendi moja lililofanyika hapa mjini. Mchana ni masomo, usiku ni maonyesho. Yeye alipewa saa mbili Jumamosi na saa mbili Jumapili. Alipoomba tutangaze habari hiyo kwa jina la chama, pakawa hapatoshi. Wengine walisema ngoma ya wanawake wa Pwani haiuziwi tiketi kwa wageni. Wengine wakasema jina la chama litachafuka. Mimi nilikuwa upande wa waliopinga, tena nilisema maneno makali kuliko ilivyohitajika.

Dada akaenda hivyo hivyo, bila jina la chama. Na kwa kuwa katika watu wachache wenye gari mimi ni mmoja, niliombwa nimpelekee spika na mzigo wa kanga. Nilitegemea kushusha mzigo na kuondoka. Kumbe nilikaa hadi jioni. Nilikuta watu wenye madaftari, wengine watu wazima kabisa, wanarudia hatua moja mara thelathini kama sisi tunavyorudia mahesabu kabla ya mtihani. Mwalimu wa somo la asubuhi alikuwa anaeleza namna ya kuinua mikono na kutembea kutoka pembe moja ya jukwaa hadi nyingine, na akataja kwamba mambo hayo yalipata sura yake katika ukumbi wa mwanamke mmoja huko Cairo, jina lake Badia Masabni. Nilirudi nyumbani nikaanza kumsoma. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Utoto wa Damascus

Badia alizaliwa mwaka 1892 Damascus, wakati ule mji huo ukiwa chini ya dola ya Uthmaniya. Familia yake ilikuwa ya Kikristo, na jina la Masabni linatokana na kazi ya kutengeneza sabuni. Mambo ya nyumbani yaliharibika mapema, lakini lililoharibika zaidi ni lile lililompata yeye mwenyewe. Akiwa na miaka saba tu, mtu mzima alimtendea unyama ambao hakuna mtoto anayestahili kutendewa. Na kama inavyotokea sehemu nyingi hadi leo, aibu haikumfuata aliyetenda, ilimfuata aliyetendewa. Akawa mtoto anayenyooshewa kidole mtaani.

Mama yake aliwachukua watoto wakavuka bahari hadi Argentina. Wakati ule Wasyria na Walebanoni wengi walikuwa wanahamia Amerika ya Kusini kutafuta maisha. Huko Badia alisoma, akajua Kihispania, na akaona muziki na michezo ya jukwaani ya watu wengine. Waliporudi Sham baada ya miaka kadhaa, alikuta kisa chake hakijasahaulika. Umri wa kuolewa ukafika, na wale wale waliokumbuka kisa ndio waliokuwa wanaamua nani anafaa kuwa mke wa nani. Badia akaona kwamba katika mji ule hatima yake imeshaandikwa na watu wengine. Akaondoka kwenda Misri.

Hapa naomba tusimame kidogo. Sisi tunaosoma ugenini tunajua raha moja ambayo hatuisemi kwa sauti: raha ya kufika mahali ambapo hakuna anayekujua wewe ni mtoto wa nani. Badia aliitafuta raha hiyo akiwa msichana, bila shahada, bila mdhamini, na bila tiketi ya kurudi.

Kuingia Cairo

Cairo ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa na kazi kwa watu wa jukwaani. Badia alianza na kundi la maigizo la George Abyad, naye akiwa mhamiaji mwenye asili ya Lebanon, aliyesomea uigizaji Ufaransa. Baadaye Badia akarudi upande wa Sham na Beirut, akawa anaimba na kucheza kwenye kumbi, na jina lake likaanza kujulikana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akakutana na Naguib el-Rihani, mchekeshaji mashuhuri wa Misri. Rihani ndiye aliyebuni mhusika anayeitwa Kishkish Bey, yule mkuu wa kijiji mwenye pesa za pamba anayekuja mjini akaibiwa akili na wanawake na starehe. Rihani alimchukua Badia kwenye kundi lake, akampa nafasi kubwa, na mwaka 1924 wakaoana. Walisafiri pamoja na kundi hadi Amerika ya Kusini kuwachezea wahamiaji wa Kiarabu kule, na Kihispania cha Badia kikafaa sana safarini.

Ndoa haikutulia. Wote wawili walikuwa watu wa jukwaa, na wote wawili walitaka kuwa mabwana wa kazi yao. Walitengana, ingawa majina yao yaliendelea kutajwa pamoja hadi Rihani alipofariki mwaka 1949. Badia akabaki na uamuzi wa kufanya: aendelee kufanya kazi chini ya jina la mtu mwingine au afungue la kwake.

Ukumbi wa mwaka 1926

Mwaka 1926 alifungua ukumbi wake katika mtaa wa Emad el-Din, uliokuwa ndio mtaa wa maigizo na muziki mjini Cairo. Watu wakauita Sala Badia, wengine Kasino Badia. Msije mkafikiria kamari: kasino kwa maana ya Misri ni mahali pa kukaa, kula, kunywa na kuburudika.

Ili tuelewe uzito wa jambo hili inabidi tujue densi ilikuwa wapi kabla yake. Misri ilikuwa na wanawake walioitwa awalim, waliojua kuimba, mashairi na kucheza, na walioalikwa majumbani, hasa kwenye sherehe za wanawake. Kulikuwa pia na ghawazi, waliocheza hadharani, kwenye harusi na mawlid. Mwaka 1834 mtawala Muhammad Ali aliwapiga marufuku wachezaji wa hadharani mjini Cairo, wengi wakahamishiwa Misri ya Juu. Walirudi baadaye, lakini alama ya kudharauliwa ilibaki. Halafu zikaja kumbi za starehe za eneo la Ezbekiya, ambako mara nyingi mchezaji alitakiwa kukaa na wateja ili wanunue vinywaji zaidi.

Badia alichukua vitu hivi vyote akavipangia ratiba. Katika usiku mmoja ukumbini kwake kulikuwa na waimbaji, wachekeshaji, wanasarakasi, makundi ya kigeni na densi. Kulikuwa pia na maonyesho ya mchana kwa ajili ya wanawake peke yao, na wanawake wa familia za heshima walihudhuria. Mwenye ukumbi alikuwa yeye, mwenye kuajiri alikuwa yeye, na mwenye kufukuza alikuwa yeye. Waliofanya kazi kwake walimwogopa: alikuwa mkali wa muda, wa mavazi na wa mazoezi. Wakati wa joto alihamishia maonyesho upande wa Giza, kando ya mto Nile, na daraja lililokuwa jirani likajulikana kwa wenyeji kama daraja la Badia. Jamani, ni wanawake wangapi wa zama zile walioitiwa daraja bila serikali kutoa amri?

Jukwaa lilivyobadilisha densi

Hapa mniwie radhi, uhandisi utajitokeza kidogo.

Densi ya nyumbani ilichezwa katikati ya watu. Waliokaa karibu kabisa wangeweza kumgusa mchezaji. Katika umbali huo, kiuno kikisogea sentimita mbili tu, kila mtu anaona. Mchezaji hakuhitaji kutembea, eneo la mkeka lilimtosha. Mikono haikuwa na kazi kubwa.

Sasa mweke mchezaji yule yule juu ya jukwaa pana, watazamaji wote wako upande mmoja, na wa mwisho yuko nyuma kabisa penye moshi wa sigara. Zile sentimita mbili zinapotea njiani. Lazima umbo zima likue. Ndipo mikono ikapanda juu na kuwa kama fremu ya mwili. Ndipo mchezaji akaanza kuingia kwa kutembea, mtandio ukiruka nyuma yake, akatumia jukwaa lote upana na kina. Vazi la vipande viwili lenye shanga na vitu vya kumetameta, lililopata kwa sehemu sura yake kutoka kwenye picha ambazo watu wa Magharibi walijichorea kuhusu Mashariki, lilisaidia kurudisha mwanga wa taa kwa watu wa nyuma. Bendi nayo ikakua. Badala ya ngoma na zumari peke yake, zikaja fidla nyingi, akodiani na muziki uliotungwa maalumu kwa ajili ya mchezaji.

Badia akaongeza wachezaji wa kundi nyuma ya mchezaji mkuu, waliofundishwa kwenda pamoja, pamoja na hatua zilizotokana na baleti na densi za Amerika ya Kusini. Aliajiri walimu wa kupanga hatua. Kwa kifupi, densi iliyokuwa inarithishwa nyumbani, binti akimtazama mama au shangazi, ikawa pia kitu cha kufundishwa kwa mpango, chenye mazoezi na chenye mwalimu. Tamasha lile la wikiendi nililolihudhuria, na masomo yake ya saa mbili mbili, ni mjukuu wa mpango huo. Hata Cairo kwenyewe, tangu mwaka 2000, kumekuwa na tamasha la Ahlan wa Sahlan, lililoanzishwa na mwalimu Raqia Hassan, ambalo limewakusanya wanafunzi kutoka nchi nyingi.

Wapo wanaolaumu. Wanasema Badia aliifanya densi iwe ya kuwapendeza watalii na matajiri, akaichanganya na ya Kizungu mpaka ladha ikabadilika. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini tuulize pia: bila malipo na bila jukwaa, wachezaji wale wangeishi kwa nini? Aliyeilinda densi kwa maneno mara nyingi hakuwa yeye anayelipa kodi ya chumba cha mchezaji.

Wanafunzi wake

Ukitaka kumpima mwalimu, tazama aliowafundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alimpokea msichana kutoka Ismailia, aliyekimbia mateso ya ndugu yake nyumbani. Msichana huyo alicheza densi ya Kibrazili iitwayo karioka, iliyovuma kutokana na filamu ya Marekani ya mwaka 1933, na jina likamganda: Tahia Carioca. Akawa mchezaji mkubwa, kisha mwigizaji mkubwa, na katika miaka ya 1950 alifungwa jela kwa sababu za kisiasa. Alifariki mwaka 1999.

Baada yake akaja binti mwingine wa kimaskini, aliyezaliwa mwaka 1924, naye akapewa jina la jukwaani la Samia Gamal. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza alipotolewa kucheza peke yake, miguu iligoma kabisa, akarudishwa kwenye kundi. Hakuondoka. Alifanya mazoezi tena na tena hadi akarudi mbele, na baadaye akajulikana kwa kucheza pekupeku. Mwaka 1949 mfalme Farouk alimtangaza kuwa mchezaji wa taifa. Alifariki mwaka 1994.

Katika ukumbi huo huo alipitia Farid al-Atrash, mkimbizi kutoka Syria aliyekuja kuwa mmoja wa waimbaji na wapiga udi wakubwa kabisa. Alipitia pia Ismail Yassin, mchekeshaji ambaye filamu zake bado zinarushwa kwenye televisheni za Kiarabu. Na hapa ndipo habari inapotufikia sisi. Unguja na Pwani zilishakuwa na uhusiano wa muziki na Cairo tangu Sultani Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim kujifunza kanuni huko, na kundi la Ikhwani Safaa likaanzishwa mwaka 1905. Filamu za Misri zilipokuja kwenye sinema za Unguja, watu wetu walimwona Farid akiimba na Samia akicheza. Bibi zetu wengi waliwajua wanafunzi wa Badia bila kumjua Badia mwenyewe.

Deni, kodi na moto

Msidhani mambo yalikuwa kupanda tu. Mwaka 1936 aliingia kwenye filamu, akatoa pesa zake kutengeneza Malikat al-Masarih, yaani Malkia wa Majukwaa, akiwa yeye ndiye nyota. Filamu haikurudisha gharama na ilimtia kwenye madeni. Mtu mwingine labda angeacha. Yeye alijikusanya, na mwaka 1940 akafungua Kasino Opera katika uwanja wa Opera, jumba kubwa kuliko la kwanza. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Cairo imejaa askari wa Uingereza na washirika wake, na kumbi zilijaa kila usiku.

Vita ikaisha, askari wakapungua, na watu wa kodi wakabisha hodi. Walimdai kiasi kikubwa kwa miaka ya nyuma. Kufikia mwaka 1950 hivi, Badia aliuza ukumbi kwa Beba Ezz el-Din, mchezaji aliyewahi kufanya kazi kwake, akaondoka Misri kimyakimya hadi Lebanon. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60. Mji aliouingia kama mgeni, akaubadilisha, aliutoka kama anayekimbia.

Beba alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1951. Kisha, tarehe 25 Januari 1952, askari wa Uingereza waliua polisi wa Misri wapatao 50 huko Ismailia. Kesho yake Cairo ikawaka. Waandamanaji waliona ni dhuluma kwamba watu wanakunywa na kustarehe wakati ndugu zao wanazikwa, na Kasino Opera ikawa miongoni mwa majengo ya kwanza kabisa kuchomwa. Mamia ya majengo yaliteketea siku ile. Miezi sita baadaye ufalme wa Farouk ukaanguka.

Badia alikuwa mbali. Alikuwa ametulia Chtaura, katika bonde la Bekaa, kwenye njia ya kutoka Beirut kwenda Damascus. Alifuga, akafungua duka la maziwa, jibini na vyakula vya njiani, na wasafiri walikuwa wanasimama kununua. Aliyefundisha wachezaji wa mfalme akawa anahesabu trei za mayai, na kwa maelezo yote duka hilo nalo aliliendesha kwa ukali ule ule. Uzeeni alisimulia maisha yake, yakaandikwa kitabu, na mwaka 1966 alihojiwa kwenye televisheni ya Lebanon. Hata lile la utotoni hakulificha. Alifariki mwaka 1974, akiwa na miaka 82.

Turudi kwenye ubishi wetu

Simwandiki Badia ili niseme kila ngoma ipelekwe kila mahali. Yako mambo ya unyago ambayo somo na kungwi wanajua kwa nini hayatoki ndani, na mimi mwanamume sina la kusema hapo. Wale waliosema kwenye mkutano kwamba kuna tofauti kati ya cha ndani na cha nje walikuwa na hoja, na Badia mwenyewe aliijua tofauti hiyo, ndiyo maana akaweka mchana wa wanawake peke yao.

Lakini kosa letu, na nasema letu nikijihesabu wa kwanza, ni kwamba tulijadili heshima ya dada yule mbele yake kama vile yeye hayupo. Hatukumuuliza atafundisha nini. Ningemuuliza ningejua kwamba alishaamua mwenyewe nini kibaki nyumbani. Somo lake lilikuwa la wanawake tu. Mimi nilibaki nje na wale wa spika. Waliotoka humo walijua jinsi kanga inavyofungwa kiunoni, walijua kwamba Mombasa na Lamu ziko wapi, na mama mmoja alikuwa anarudia neno chakacha asije akalisahau. Nilipokuwa napakia mzigo kwenye gari nilimwomba radhi. Alisema tutaongea baadaye, kwanza nimsaidie kukunja kanga, na nikazikunja zote.

Kwenye mkutano ujao jambo hili litarudi kwenye ajenda, kwa sababu waandaaji wamemwalika tena. Njooni kwa wingi. Naomba safari hii yeye ndiye aongee wa kwanza.